Kwa nini wino wa rangi huisha bila kuchapisha rangi, na ununue printa gani badala yake

Ndugu msomaji,

Umeniandikia kwamba miezi 14 iliyopita ulinunua printa ndogo ya wino kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote dukani, kwamba unachapisha kama kurasa 60 kwa mwezi, karibu zote za maandishi meusi ya masomo ya watoto wako wawili, na kwamba shule zikifungwa mashine hukaa wiki tano au sita bila kuguswa. Fedha ulizokwisha kutumia kwenye katriji zimezidi mara kadhaa bei ya printa yenyewe, na sasa inakataa kuchapisha barua ya herufi nyeusi kwa madai kwamba wino wa rangi umekwisha, ilhali hukumbuki kuchapisha picha hata moja. Unataka kujua wino huo ulikwenda wapi, ununue printa ya aina gani, na kama ni salama kutumia katriji zilizojazwa upya.

Nitaanza na pale wino ulipokwenda, kwa kuwa jibu la swali hilo ndilo linaloamua mengine yote.

Printa ya wino huchapa kwa kurusha matone madogo sana kupitia matundu membamba kuliko unywele wa mtu, na wino wake kwa sehemu kubwa ni maji. Matundu hayo yakikaa siku nyingi bila kazi, maji hukauka na rangi hubaki imeziba njia. Watengenezaji wanalijua tatizo hilo, na ndiyo maana mashine imepangwa kujisafisha yenyewe: inapowashwa baada ya kukaa, na mara nyingine katikati ya kazi, huvuta au hutema wino kidogo kutoka katika matundu yote, ya rangi yakiwamo, na kuumwaga ndani ya sifongo iliyofichwa chini ya mashine. Katika miaka niliyofanya kazi ya kutengeneza printa nimefungua nyingi ambazo sifongo hiyo ilikuwa imelowa mpaka wino unavuja mezani, na wenye mashine hizo karibu wote walikuwa watu kama wewe, wanaochapisha kidogo na kwa vipindi. Wino ule ulinunuliwa kwa bei ileile ya wino uliofika kwenye karatasi.

Sababu ya pili ni kwamba hata ukurasa unaouona kuwa mweusi huenda umechanganywa na rangi. Printa nyingi hutengeneza kijivu, na wakati mwingine hata nyeusi, kwa kuchanganya samawati, majenta (wekundu wa waridi) na njano, hasa ukichagua karatasi ya picha au ubora wa juu. Kuchagua kijivu katika mipangilio hakutoshi, kwa maana neno hilo linaeleza tu sura ya ukurasa, halielezi ni katriji ipi itakayotumika. Kinachotakiwa ni agizo la kutumia wino mweusi pekee, ambalo katika draiva nyingi, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuongea na printa, limefichwa katika sehemu ya mipangilio ya juu, na katika baadhi ya mashine halipo kabisa.

Kisha kuna namna katriji yenyewe ilivyoundwa. Printa za bei ya chini mara nyingi huwa na katriji mbili tu, moja nyeusi na moja yenye vyumba vitatu vya rangi. Chumba kimoja kikikauka, katriji nzima hutupwa pamoja na wino uliobaki katika vyumba viwili. Na katika mashine ambazo kichwa cha kuchapia, yaani sehemu yenye yale matundu, hakitoki, kukataa kufanya kazi rangi moja inapokwisha kuna sababu ya kiufundi, kwa kuwa kichwa kikivuta hewa badala ya wino kinaweza kuziba au kuungua. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haikurudishii fedha zako.

Hapa niingize jambo dogo ambalo limewagharimu watu wengi. Usizime printa ya wino kwa kuchomoa waya au kwa swichi ya ukutani. Ukiizima kwa kitufe chake, kichwa hurudi mahali pake na kufunikwa kifuniko cha mpira kinachozuia wino kukauka. Ukiikatia umeme ghafla, kichwa hubaki wazi hapo kilipofika, na katika mashine nyingi kila kukatika kwa umeme huifanya ianze kujisafisha upya ikiwashwa. Nilimsaidia mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akichapisha ukurasa mmoja kila asubuhi na kuchomoa waya kila jioni, akidhani anatunza umeme. Katriji zake zilikuwa zikiisha kabla hajafika hata nusu ya kurasa zilizoahidiwa kwenye boksi. Tulibadilisha desturi hiyo peke yake, na katriji iliyofuata ilidumu zaidi ya mara mbili.

Sasa tufanye hesabu ya ununuzi, na nakuomba uifanye nami kwa kalamu. Kwa kuwa bei hutofautiana, tuiite bei ya printa yako ya sasa 100, kisha tupime vitu vingine kwa kipimo hicho. Namba za bei ni za mfano, lakini uwiano wake hauko mbali na ule utakaoukuta dukani. Katriji ndogo nyeusi tuseme ni 25, nayo hutoa kurasa 120. Printa ya tangi, yaani ile inayojazwa wino kwa chupa, tuseme ni 330, na chupa nyeusi inayokuja nayo hutoa kurasa 4,500. Printa ya leza inayochapa nyeusi peke yake tuseme ni 230. Tona inayokuja nayo, yaani unga wake wa kuchapia, hutoa kurasa 700, na tona mpya ya kurasa 2,000 ni 110.

Wewe unachapisha kurasa 60 kwa mwezi, ambazo kwa miaka mitatu ni 2,160. Kwa printa ya katriji, baada ya ile ya kwanza iliyokuja na mashine, utahitaji katriji 17, na jumla yako itakuwa 525, bila kuhesabu rangi na bila kuhesabu wino unaomwagwa kwenye sifongo. Kwa printa ya tangi utakuwa umelipa 330 na chupa nyeusi ya kwanza haijafika nusu. Kwa leza utakuwa umenunua tona moja, na jumla ni 340. Utaona kwamba printa iliyokuwa rahisi kuliko zote siku ya kununua ndiyo ghali kuliko zote, jambo ambalo tayari umelijua kwa uchungu. Utaona pia kwamba tangi na leza zimekaribiana mno, hivi kwamba bei haiwezi tena kuwa mwamuzi kati yake.

Kinachoamua hapo ni zile wiki tano au sita za likizo.

Wino wa tangi ni wino uleule wa maji, nao hukauka katika matundu kama ule wa katriji. Tofauti ni kwamba katika printa nyingi za tangi kichwa ni sehemu ya kudumu ya mashine, kwa hiyo kikiziba kabisa huwezi kukibadilisha kwa kununua katriji mpya, na gharama ya kichwa kipya pamoja na ufundi inaweza kukaribia bei ya printa nyingine. Kwa nyumba inayochapisha kila siku mbili tatu, na hasa inayohitaji rangi, naisifu printa ya tangi bila kusita, kwa kuwa hakuna mashine nyingine ya nyumbani inayotoa ukurasa wa rangi kwa gharama ndogo kiasi hicho. Kwa nyumba inayoiacha mwezi na nusu, ni lazima mtu awepo wa kuchapisha ukurasa mmoja wenye rangi zote angalau kila wiki mbili, na desturi kama hiyo husahauliwa upesi.

Tona ya leza haina maji. Ni unga mkavu wa plastiki uliochanganywa na rangi, ambao hushikamana na karatasi kwa nguvu za umeme tuli kisha huyeyushwa juu yake na roli lenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Unga haukauki, kwa kuwa umekwisha kuwa mkavu, na hakuna tundu la kuziba. Mashine inaweza kukaa miezi mitatu, na ukiiwasha ukurasa wa kwanza ukatoka safi kama wa mwisho. Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni printa ya leza ya nyeusi pekee. Picha chache za rangi utakazohitaji kwa mwaka zipeleke kwa wenye kazi ya kuchapa picha. Watazichapa vizuri kuliko printa yoyote ya nyumbani, na utalipia zile tu unazohitaji.

Leza ina masharti yake, na ni haki uyajue kabla ya kununua. Roli lile la joto huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi, mara nyingi wati mia kadhaa linapopashwa, kwa hiyo usiichomeke kwenye betri ndogo ya akiba inayolinda kompyuta. Tona ikimwagika mkononi au kwenye nguo, pangusa kwa kitambaa kikavu na uoshe kwa maji baridi, kwa maana maji ya moto huilainisha na kuigandisha. Uliza pia kama dramu, yaani silinda inayopokea tona na kuihamishia kwenye karatasi, imeunganishwa na tona au inauzwa peke yake; ikiwa peke yake, hudumu kurasa nyingi zaidi ya tona, katika baadhi ya mashine 10,000 na zaidi, lakini bei yake lazima iingie kwenye hesabu. Kuhusu leza ya rangi, sikushauri kabisa. Ina tona nne, ni nzito, na tona hizo nne zikikaribia kuisha pamoja utajiona umerudi pale ulipoanzia.

Je, kama ungekuwa unachapisha kurasa 10 tu kwa mwezi? Kwenye karatasi, printa ya katriji ingeonekana kushinda, kwa sababu kurasa 360 za miaka mitatu zingehitaji katriji mbili za ziada na jumla ingekuwa 150. Lakini katriji hazingoji miaka. Zingine zingekauka na kutupwa zikiwa na wino ndani, ilhali tona ile ndogo inayokuja na leza ingetosha miaka yote mitatu. Mtu wa kurasa 10 ajiulize kwanza kama anahitaji printa nyumbani, na akiona anaihitaji, basi achukue leza hiyohiyo.

Utakapokuwa dukani, usiulize bei ya mashine kabla ya kuuliza bei ya tona au wino wa kununua baadaye, na idadi ya kurasa zake. Gawanya bei kwa kurasa, na linganisha mashine kwa namba hiyo. Kurasa zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO: kwa tona nyeusi ni ISO/IEC 19752, na kwa wino ni ISO/IEC 24711. Viwango hivyo ni vya kweli na vinasaidia kulinganisha, lakini ujue jinsi vipimo vinavyofanyika. Ukurasa wa majaribio wa tona ni wa maandishi ambayo hufunika takriban asilimia 5 tu ya karatasi, na uchapaji huendelea mfululizo mpaka katriji iishe. Nyumbani hakuna anayechapisha mfululizo hivyo, kwa hiyo kwa printa ya wino inayotumiwa mara mojamoja utapata kurasa pungufu, kwa sababu ile ya kujisafisha. Angalia pia kama boksi linasema katriji zilizomo ni za kuanzia, kwa kuwa mara nyingi hizo hubeba kiasi kidogo kuliko zile za kununua.

Ukiamua kuchukua printa ya tangi licha ya niliyosema, kuna swali moja ambalo wauzaji wengi hawalitegemei: je, chombo cha kupokea wino uliomwagwa unaweza kukibadilisha mwenyewe? Katika mashine nyingine ni kisanduku cha bei ndogo kinachochomolewa nyuma kwa dakika moja. Katika nyingine ni sifongo iliyo ndani kabisa, na mashine ikihesabu kwamba imejaa husimama mpaka fundi aifungue. Zaidi ya hapo, usiruhusu tangi lishuke chini ya mstari wa chini, maana hewa ikiingia kwenye mirija utatumia wino mwingi kuitoa.

Sasa kuhusu wino wa kujazwa, ambalo ni swali linalohitaji uangalifu. Kuna katriji za asili za kampuni, kuna zilizokusanywa zikajazwa upya, kuna mbadala zilizotengenezwa na kampuni nyingine kwa jina lake, na kuna za bandia zinazouzwa kwa jina lisilo lake. Tatu za kwanza kwa kawaida ni biashara halali. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 30 Mei 2017, katika kesi kati ya Impression Products na Lexmark, kwamba mtengenezaji akishauza katriji haki yake ya hataza, yaani ulinzi wa kisheria wa uvumbuzi wake, juu ya katriji hiyo imekwisha, na hawezi kuitumia kumzuia mtu kuijaza na kuiuza tena. Lakini hukumu ya mahakama haiondoi chipu, yaani kipande kidogo cha elektroniki, iliyobandikwa kwenye katriji. Mashine nyingi huisoma chipu hiyo, na programu ya ndani ya printa inaposasishwa kupitia intaneti, katriji mbadala iliyofanya kazi jana inaweza kukataliwa leo. Ukitaka kutumia mbadala, chagua mashine ambayo watu wamekuwa wakiitumia na katriji mbadala kwa muda mrefu, na soma mpangilio wa kusasisha programu kabla ya kuukubali.

Kwa tona nyeusi, nimeona mbadala nzuri nyingi, na madhara ya mbaya mara nyingi huishia kwenye karatasi yenye michirizi au unga unaofutika kwa kidole. Kwa wino ninaogopa zaidi, kwa sababu wino usiofaa huziba kichwa, na kichwa cha kudumu ni moyo wa mashine. Kamwe usichanganye wino wa rangi iliyoyeyuka na ule wenye chembechembe za rangi ndani yake, hata kama zote mbili zinaitwa nyeusi. Kwa katriji zenye kichwa chake, kama yako inavyoelekea kuwa, kujaza mara moja au mbili kunawezekana ikiwa utajaza kabla haijakauka kabisa. Katika katriji za aina hiyo kichwa huchapa kwa kuuchemsha wino kwa muda mfupi sana, na wino ndio pia unaokipoza, kwa hiyo ukiendelea kuchapa bila wino utakiunguza. Pale bei ya chupa za asili za tangi ni ndogo, sioni sababu ya kuhatarisha mashine kwa kutafuta za bei ndogo zaidi.

Kuna mpango mwingine utakaoshawishiwa nao, wa kulipa kila mwezi kwa idadi ya kurasa na kuletewa katriji nyumbani. Humfaa anayechapisha rangi nyingi kwa kiasi kilekile kila mwezi. Kwako wewe utakuwa unalipia likizo, na ukijitoa, katriji za mpango huo kwa kawaida hukoma kufanya kazi hata zikiwa na wino.

Kuhusu kupunguza matumizi ya kila siku, hatua yenye faida kubwa ni kuchagua uchapaji wa rasimu, ambao baadhi ya mashine za leza huuita kuokoa tona, kwa kila kitu kisichopelekwa kwa mwalimu. Ukichapisha ukurasa wa tovuti, nakili maneno unayoyahitaji kwanza, kwa kuwa matangazo na vichwa vya rangi hula wino kuliko maandishi yenyewe. Kuchapisha pande mbili huokoa karatasi lakini hakuokoi wino, tofauti na kuweka kurasa mbili ndogo upande mmoja, kunakookoa vyote viwili. Aina ya herufi pia ina nafasi yake: mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Wisconsin cha Green Bay kilieleza kwamba Century Gothic hutumia wino pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko Arial. Ila herufi za Century Gothic ni pana, na kazi ya kurasa tatu inaweza kuwa nne, kwa hiyo itumie kwa karatasi fupi.

Usiharakishe kubadilisha katriji mara taa ya onyo inapowaka. Onyo la kwanza katika mashine nyingi ni makadirio yanayotokana na kuhesabu matone au kurasa, na ukiendelea utapata kurasa nyingine nzuri. Tona ikianza kufifia upande mmoja, itoe, itikise taratibu kushoto na kulia ikiwa imelala, kisha irudishe. Unga uliobaki pembeni utasambaa.

Mwisho, hiyo printa uliyonayo sasa. Kwanza tafuta agizo la kutumia wino mweusi pekee. Baadhi ya printa za katriji mbili zenye vichwa vyake hukubali kuchapa kwa katriji moja ukiitoa ile ya rangi, basi jaribu hilo pia. Kama herufi zina mistari myeupe, chapisha ukurasa wa kukagua matundu kabla ya kuagiza usafishaji; safisha mara mbili, zisizidi tatu, kisha iache usiku kucha na ukague tena asubuhi, kwa kuwa mara nyingi wino ulioganda hulainika wenyewe. Ikikataa yote hayo, usiinunulie tena katriji mpya, ila usiitupe kabla hujajaribu skana yake, kwa sababu baadhi ya mashine huendelea kuskani vizuri bila wino, na leza ya nyeusi isiyo na skana huwa rahisi zaidi. Na siku utakapoifungua leza mpya, chapisha ukurasa wake wa taarifa, ule unaoonyesha idadi ya kurasa zilizochapwa, uandike tarehe juu yake, kisha uuweke ndani ya boksi la tona. Tona hiyo ikiisha, chapisha ukurasa mwingine kama huo na utoe namba ya kwanza katika ya pili, nawe utakuwa na idadi ya kurasa za nyumba yako mwenyewe ya kufanyia hesabu utakapokwenda kununua nyingine.